Ilikuwa Kama Hii?

Bibi yetu mzaa mama alikuwa na hadithi za namna mbili, na hakuzichanganya hata siku moja.

Za kwanza zilianza kwa "Paukwa!", nasi tukajibu "Pakawa!", kisha akaingia sungura, akaingia fisi, akaingia binti wa sultani na kijakazi wake, na sote tulijua kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga Tanga. Za pili hazikuwa na mlango. Bibi amekaa jamvini anasuka ukili, koroboi iko kando, sisi tunabishana habari za mpira au nani kamaliza maji ya mtungi, mara anasema bila kuinua uso: "Kulikuwa na kijana mmoja, karani hapo bandarini, enzi za mkonge. Kwao ni hapa nyuma ya msikiti." Basi. Tumeshaingia, na hakuna aliyetuuliza kama tuko tayari.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipotambua kwamba kule kuacha kusema paukwa kulikuwa kazi, tena ndiyo kazi ya kwanza ya fundi. Paukwa ni dhamana. Inamwambia mtoto: haya ni ya kubuni, fisi haji, ukisinzia sinzia. Hadithi ya mzuka inakunyima dhamana hiyo. Sungura anaishi hapo zamani za kale. Mzuka anaishi nyuma ya msikiti, na kesho asubuhi utatumwa dukani na njia ni hiyo hiyo.

Ngoja niisimulie ya karani jinsi bibi alivyoisimulia, kwa kadiri karatasi inavyoruhusu.

Kijana alikuwa zamu ya usiku kwa sababu kulikuwa na meli inapakia mkonge. Akatoka saa nane za usiku na baiskeli yake. Baiskeli yenyewe ilikuwa na ugonjwa wa kuchomoa mnyororo. Ikamchomolea pale getini, akainama akaurudisha, mikono ikajaa grisi, akajipangusa kwa majani. Mnyororo huo hauna kazi yoyote baadaye. Nimeutafutia kazi miaka mingi, sijaipata. Upo ili uiamini baiskeli, na ukishaiamini baiskeli umekwisha.

Alipofika kwenye miembe akamkuta mwanamke amesimama peke yake, kajifunika buibui, ananukia asumini. "Kaka yangu, nisogeze hapo mbele, nimechelewa harusini." Akampakia kwenye keria, wakaenda. Baada ya mwendo kidogo, alisema bibi, "akakanyaga pedeli, ikawa nyepesi kama yuko peke yake." Hakusema "akaogopa". Alivuta mwaa mwingine kutoka kwenye bakuli la maji, akaupachika, akaendelea kusuka.

Chini ya taa ya barabarani karani akageuka amuulize amshushe wapi. Macho yakamwangukia chini. Penye pindo la buibui palikuwa na kwato.

Akaitupa baiskeli, akakimbia asijue anakokimbilia, hata akaona moto mbele ya ghala la mkonge. Mlinzi, mzee wa watu, kajifunika blanketi, anaota moto uliowashwa kwenye debe. Karani akamwangukia. "Mzee wangu, nisitiri! Nimemwona mwanamke, mzee wangu, miguu yake..." Mlinzi akamwambia, "Tulia, mwanangu. Keti. Vuta pumzi. Hebu niambie, miguu yake ilikuwaje?"

Na hapo ukili ukanyamaza.

Muda wote ule palikuwa na sauti ndogo chini ya hadithi, mchakacho wa miyaa ikipishana vidoleni, kama panya kwenye karatasi. Hatukujua kwamba tunaisikia mpaka ilipokatika. Bibi aliuweka ukili mapajani. Akashika pindo la kanga yake, akalivuta taratibu, kiasi cha kufika kifundoni, akasema kwa sauti ile ile ya upole ya mzee wa watu:

"Ilikuwa kama hii?"

Tulikuwa watoto sita. Tulirukiana tukawa fungu moja. Mguu ule ulikuwa mguu wa bibi, tunaoujua, wenye kisigino kilichopasuka na kovu la jembe, uko wazi mbele ya koroboi. Na kati yetu sote hakuna aliyethubutu kuutazama.

Nilikutana na mlinzi yule kwa mara ya pili nikiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, safari hii yuko Tokyo, anauza tambi. Yumo katika kitabu cha Lafcadio Hearn kiitwacho Kwaidan, kilichotoka mwaka 1904. Hadithi ni fupi, kurasa chache tu. Mtu anapita usiku kwenye mteremko mmoja wa Akasaka, anamkuta msichana analia kando ya handaki la maji. Anambembeleza. Msichana anageuka, anajipangusa uso kwa mkono, na uso haupo: hana macho, hana pua, hana mdomo. Mtu anakimbia gizani hadi anaona taa ya muuza tambi wa barabarani, anajitupa miguuni pake, anajaribu kueleza alichokiona. Muuza tambi anamuuliza kama kilikuwa cha namna hii, na huku akipitisha mkono usoni mwake. Taa inazimika.

Nilifunga kitabu nikacheka peke yangu, na malaika zimenisimama mkono mzima. Bibi hakuwahi kusikia jina la Hearn. Lakini angeisoma hadithi ile angeitambua mifupa yake, kama mshonaji anavyotambua mshono wa mwenzake hata kama nguo ni ya kabila jingine.

Mifupa yenyewe ni hii. Pigo la kwanza halikusudiwi kukuumiza. Kwato, au uso mtupu, ni la kukufanya ukimbie tu, na fundi anajua utakimbilia wapi, maana binadamu aliyeshikwa na woga usiku anakimbilia vitu viwili popote duniani: mwanga na mtu. Basi fundi anatangulia kufika huko. Anawasha moto, anamweka mzee, anampa blanketi na sauti ya baba. Anakuacha ukae, uvute pumzi. Pigo la pili linapigwa ndani ya usalama wenyewe, na likishapigwa hakuna pa kukimbilia, kwa sababu mahali pekee palipobaki ni chumba ulichomo, na aliye karibu nawe ni huyo huyo anayesimulia.

Wataalamu wa saikolojia wana maelezo yao kuhusu kwa nini watu wa kila taifa wanapenda kutishwa: moyo hupenda kukimbizwa mradi mwili uko salama, ubongo uliozoea kuwindwa husikia nyayo hata pasipo na mtu. Sina ugomvi nayo. Ila yanaeleza woga, na woga ni malighafi tu. Ukindu nao unaota porini, lakini hauwi mkeka mpaka apatikane wa kuusuka.

Hearn mwenyewe hakuwa msimulizi wa kwanza wa hadithi zake. Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada huko Ugiriki, akapoteza jicho moja ujanani, akafika Japani mwaka 1890 akiwa mwandishi wa habari, asiweze kusoma Kijapani kwa ufasaha hadi anakufa mwaka 1904. Aliyempa mizuka yake kwa sehemu kubwa ni mkewe, Koizumi Setsu, binti wa familia ya kisamurai. Setsu ameeleza katika kumbukumbu zake walivyokuwa wakifanya: nyakati za usiku uliopoa, taa imepunguzwa utambi, yeye anasimulia na mume anasikiliza kwa pumzi ya kubana. Akitaka kumsomea kitabuni, Hearn alikataa. Alitaka maneno yake mwenyewe, mawazo yake mwenyewe. Akifika pazuri alimrudisha: hapo alisema kwa sauti gani? Usiku ule ulikuwaje? Mambo ambayo kitabuni hayakuwamo, wakayatafuta pamoja.

Naipenda picha hiyo kuliko kitabu chenyewe. Mwanamume mwenye jicho moja, mwenye jina linaloanza kujulikana duniani, amekaa sakafuni anauliza juu ya mlio wa kiatu, na mkewe anajaribu tena na tena mpaka mlio ukae sawa.

Nao Wajapani wamewahi kuufikisha mlio wa kiatu mbali kuliko wote ninaowajua. Fundi wao mkuu alikuwa San'yutei Encho, aliyezaliwa Edo mwaka 1839, mji ambao baadaye ulibadilishwa jina ukawa Tokyo. Kazi yake ilikuwa rakugo: mtu mmoja amepiga magoti juu ya mto wa kukalia, ana kipepeo cha mkononi na kitambaa, na kwa vitu hivyo viwili anakuwa watu wote wa hadithi. Ujanani Encho hakuridhika navyo. Alipanda jukwaani na mapazia yaliyochorwa, vyombo na muziki. Inasimuliwa kwamba mwalimu wake mwenyewe alimfanyia inda: alitangulia kupanda jukwaani na kusimulia hadithi ile ile ambayo mwanafunzi amekwisha kuiandalia mapazia. Encho akabaki na mapazia yasiyo na hadithi. Ndipo akaanza kutunga za kwake, ambazo hakuna wa kumtangulia, na baadaye akawaachia wengine mapambo yote akarudi kwenye kipepeo na kitambaa.

Iliyovuma zaidi ni Botan Doro, yaani taa ya maua ya peoni, iliyotokana na kisa cha Kichina cha karne ya 14, kikageuzwa na mwandishi Asai Ryoi katika kitabu cha mwaka 1666, kisha Encho akakifanya chake akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Msichana, Otsuyu, anampenda kijana Shinzaburo, hawaonani, msichana anakufa kwa kumtamani. Kisha usiku anakuja na mtumishi wake Oyone ametangulia na taa. Kijana anajua tu kwamba mpenzi wake amerudi. Jirani, Tomozo, ndiye anayechungulia na kuona anachokikumbatia. Hirizi zinabandikwa nyumbani, mizuka inazunguka haiwezi kuingia, na Tomozo, kwa tamaa ya ryo 100 za dhahabu, anakubali kuibandua.

Sasa sikiliza ufundi. Watu wa Japani wanaamini mizuka haina miguu. Chini ya kiuno ni moshi. Namna hiyo ya kuichora huhusishwa zaidi na mchoraji Maruyama Okyo wa karne ya 18. Encho aliyajua hayo fika, na wasikilizaji wake waliyajua. Lakini mzuka wake anakuja kwa miguu. Unasikia kwanza viatu vya mbao, ndugu zake na mitalawanda yetu ya zamani, vinakaribia kichochoroni usiku: karan, koron. Karan, koron. Msimulizi hana viatu mkononi. Ana mdomo tu. Wajapani hata leo ukiwatamkia maneno hayo mawili wanajua ni nani anakuja. Amekipa kitu kisicho na miguu nyayo zake, na kila aliyeketi pale akajikuta anasikia kile anachojua hakiwezi kuwepo.

Mwaka 1884 waandishi wawili wa hatimkato, Wakabayashi Kanzo na mwenzake, walimsikiliza Encho na kuyanasa maneno yake yalivyotoka, yakachapwa vijitabu. Vilienda kama maandazi ya moto, na vikafanya kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Wakati huo waandishi wa Japani walikuwa wanahangaika na lugha ya vitabuni iliyoachana kabisa na ya vinywani. Futabatei Shimei, ambaye riwaya yake Ukigumo ilianza kutoka mwaka 1887, alipoomba ushauri aandikeje, mwandishi mwenzake Tsubouchi Shoyo alimwambia aandike kama Encho anavyosimulia. Kwa hiyo riwaya ya kisasa ya taifa hilo ilikwenda kujifunza kusema kwa msimulizi wa mizuka. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaoziita hadithi hizi za kutishia watoto.

Encho aliishi zama ambazo Japani ilikuwa na haraka ya kustaarabika kwa mtindo wa Ulaya, na serikali ilizichukia itikadi za aina hii. Yeye akalichukua pingamizi hilo akalifanya mlango. Kisa chake kingine kirefu alikipa jina lenye mchezo wa neno: linasikika kama neno jipya la wakati ule la mishipa ya fahamu. Anaanza kwa kuwaambia mabwana wa kisasa kwamba siku hizi mizuka hakuna, ni mishipa ya fahamu tu inamsumbua mtu. Halafu, akishawapa heshima yao, anaanza. Alikufa Agosti 1900, akazikwa katika hekalu la Zensho-an mtaa wa Yanaka, Tokyo, ambako michoro ya mizuka inayohusishwa naye, magombo kama hamsini hivi, hutundikwa kila Agosti watu wakaitazame. Agosti ndiyo joto kali, na mwili ukisisimka unapoa. Ni feni ya bei nafuu.

Waingereza wana majira mengine kabisa. Wao mizuka ni ya Krismasi, baridi nje na moto ndani, na fundi wao ninayemvulia kofia ni M. R. James, mwanachuoni wa King's College huko Cambridge, bingwa wa hati za kale, mtu ambaye ungempa funguo za maktaba bila wasiwasi. Kila Krismasi marafiki walikusanyika chumbani kwake. Mara nyingi hadithi ilikuwa haijaisha kuandikwa; walingoja, hatimaye akatoka chumba cha ndani na karatasi ambazo wino haujakauka vizuri, akazima mishumaa yote ila mmoja, akaketi, akasoma. Mkusanyiko wake wa kwanza ulitoka mwaka 1904, mwaka ule ule wa Kwaidan.

Utaona kwamba mafundi wote wanaanza kwa taa. James mshumaa mmoja, Setsu utambi uliopunguzwa. Japani ya zamani walikuwa na mchezo wa visa mia: tambi mia za taa zinawashwa, kila kisa kikiisha mmoja unazimwa, na desturi ikawa kuishia kisa cha 99, kwa kuwa hakuna aliyetaka kujua giza la mia lina nini. Bibi naye alikuwa na koroboi, hata miaka ambayo umeme ulikuwapo. Tulidhani ni ubahili wa bili.

Katika hadithi ya James ninayoipenda, profesa mmoja asiyeamini chochote yuko mapumzikoni ufukweni. Anaokota filimbi ya shaba kwenye magofu, anaisafisha, anaipuliza. Msomaji wa Pwani anashtuka hapo hapo, kurasa nyingi kabla ya mwenyewe kushtuka, kwa sababu sote tulikanywa: usipige mluzi usiku, unaita nyoka, unaita wasioitwa. Na watoto wa Japani wanakanywa vivyo hivyo, nyoka huyo huyo. Profesa hakuwa na bibi wa kumkanya. Upepo unavuma. Chumbani kwake kuna vitanda viwili, kimoja hakina mtu. Kinachokuja mwishowe kuinuka katika kitanda hicho ni shuka. Shuka tu, iliyojikunja ikawa kama uso. Lakini James aliongeza kitu kimoja kinachoniharibia usingizi mpaka leo: kitu kile hakioni. Kinapapasa. Kinamtafuta mtu kwa mikono, chumba kizima, na profesa amesimama pembeni anaomba Mungu asipumue kwa sauti.

James aliandika baadaye kuhusu ufundi wake, na alichosisitiza ni mambo ya kawaida ya fundi: waoneshe watu wakiwa kwenye shughuli zao za kila siku, wasiwe na wasiwasi, mzuka achomoze pembeni kidogo kidogo, usimwage damu, usimalize kila kitu. Alipoulizwa kama anaamini mizuka, alijibu kwa namna ya mwanachuoni: yuko tayari kuupima ushahidi, na ukimridhisha ataukubali. Bibi alipoulizwa alijibu, "Niamini nisiamini, wao itawahusu nini?"

Nirudi kwenye miguu, maana nimeifuata kama mtu aliyepoteza mbuzi. Morocco wana Aisha Kandisha, mwanamke mzuri wa kando ya maji mwenye kwato. India na jirani zake wana churel, mzuka wa mwanamke ambaye nyayo zake zimegeukia nyuma. Na wapo wafasiri wa zamani waliosimulia, pembezoni mwa kisa cha Nabii Suleiman na Bilkisi, kwamba majini walimnong'oneza Nabii kuwa malkia yule ana kwato za punda. Ndipo ikaja ile sakafu ya vioo aliyodhani ni maji, akapandisha nguo, ikaonekana miguu ya binadamu. Kwa nini miguu, miongoni mwa viungo vyote?

Naamini ni suala la mpangilio wa macho. Mtu ukikutana naye unaanza usoni. Uso ndio unaokuvutia, ndio unaozungumza, na kama ni mzuri utakaa hapo muda mrefu. Miguu ndiyo ya mwisho kutazamwa. Basi fundi anayejua kazi anauficha ushahidi mahali ambapo jicho lako litafika la mwisho, wakati umeshampakia, umeshamkubali, mmeshatoka kwenye miembe. Halafu tazama mavazi: buibui, kimono, sari, yote yanashuka hadi chini na kuacha pindo moja tu la kuchungulia. Hadithi imetumia upenyo uliokuwepo.

Kuna jambo moja ambalo bibi na Wajapani wangebishana. Mizuka yao mingi ina kesi. Oiwa, wa tamthilia ya Yotsuya Kaidan iliyooneshwa mara ya kwanza mwaka 1825, alidhulumiwa na mumewe na anarudi kudai. Waigizaji mpaka leo huenda kwenye hekalu lake kumtaka radhi kabla ya kumwigiza. Hadithi hizo ni baraza la wale ambao hawakupata baraza walipokuwa hai, na naielewa nguvu yake. Lakini mwanamke wa kwenye miembe hakuwa na kesi. Hakudai kitu. Alitaka kusogezwa mbele kidogo. Tukimuuliza bibi alikuwa nani, anataka nini, alijibu, "Sikumuuliza." Mimi niko upande wa bibi. Mzuka ukishaelezwa sababu yake unakuwa jirani mwenye malalamiko.

Sisemi kwamba kila simulizi la kutisha ni ufundi. Mwaka 1995 Pemba, na baadaye Unguja, ilipovuma habari ya Popobawa, kiumbe anayevamia watu vitandani usiku, watu walilala nje kwa makundi wakiwasha mioto. Ilisemekana kiumbe huyo humwagiza aliyemvamia akawasimulie wenzake, asipofanya hivyo atarudiwa. Mzuka anayedai kusimuliwa! Lakini pale hapakuwa na msimulizi wa kuushika utambi, wala wa kuweka ukili chini. Kila mtu alikuwa anasimulia na kila mtu alikuwa anakimbia.

Nami nimejaribu. Miaka michache iliyopita umeme ulikatika nyumbani, wajomba zangu wadogo, watoto wa dada, wamejaa sebuleni na simu zao zimeishiwa chaji. Nikaona zamu yangu imefika. Niliisimulia ya karani kwa bidii zote. Nikaeleza kwato: rangi yake, manyoya yake, harufu yake, jinsi zilivyogonga kwenye lami. Mmoja akauliza, "Mjomba, za ng'ombe au za punda?" Mwingine akasema ya ng'ombe imepasuka katikati, ya punda haikupasuka. Tukaishia kwenye somo la baiolojia. Nilipofika kwa mlinzi nilipiga kelele, "KAMA HII!", na mdogo kuliko wote akanionea huruma, akapiga makofi.

Nilikuwa nimewapa kila kitu, wakakosa cha kufanya. Bibi alisema neno moja, kwato, akaliacha hapo, na kila mmoja wetu akaenda kuzitafuta zake: mimi nilizipata za yule punda wa muuza maji, ndugu yangu alizipata mahali pengine ambapo hajawahi kuniambia. Na hakupaza sauti. Pale ambapo mimi nilipiga kelele, yeye alikuwa mpole kuliko sehemu yoyote ya hadithi, mpole wa kumuuliza mtoto anaumwa wapi. Kelele inamwambia msikilizaji kwamba sasa ni wakati wa kuogopa, na akishaambiwa hivyo anajiandaa. Upole haukuandai.

Usiku ule wa kwanza, tulipotulia na fungu letu likaanza kufunguka, kaka yangu mkubwa, ambaye leo ni mwanasheria na hata wakati ule alikuwa nao tayari ugonjwa huo, aliuliza:

"Bibi, yule karani akawaje?"

"Hakuonekana tena. Baiskeli ndiyo iliyookotwa."

Kaka akafikiri. Tulimwona anafikiri.

"Sasa bibi, kama hakuonekana tena, na pale walikuwa wawili tu, nani aliyekuja kuyasimulia haya?"

Bibi aliuokota ukili mapajani. Alichagua mwaa kutoka kwenye bakuli, akaukung'uta maji, akaupachika mahali pake, akapitisha mmoja juu na mmoja chini kabla ya kujibu.

"Si pengine yule mlinzi."